Marehemu Isidori Namahala na Bei ya Picha Zake, 1909–1958

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Candida Namahala, makaburini, Jumanne tarehe 19 Agosti 1958.

Marehemu Isidori alizaliwa Nyangao, wilaya ya Lindi, tarehe 4 Aprili 1909, mtoto wa pili wa Mzee Eliasi Namahala na Mama Euphrasia. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, na tarehe hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Isidori, kwa hiyo padre hakupata taabu ya kutafuta jina. Mama alitusimulia kwamba uchungu ulimshika maandamano yakiwa njiani kuelekea kanisani, na wanawake wakatandika chini yale makuti waliyoyashika mkononi. Kaka alipokua alipenda kusema kwamba alizaliwa juu ya majani mabichi kama samaki anayepelekwa sokoni, na Mama alikuwa akimkemea kila mara kwa maneno hayo.

Alianza shule ya misheni akiwa na miaka saba. Vita vikaifunga shule, naye akabaki nyumbani akifukuza ndege mashambani mpaka mwaka 1922 aliporudi tena darasani pamoja na watoto waliomfika kiunoni. Alisoma hadi darasa la nne. Mwaka 1926 bruda mmoja aliyekuwa akipaka rangi ukuta wa kanisa alimchukua awe anamshikia ndoo na kumchanganyia rangi. Siku moja bruda alirudi kutoka kula chakula cha mchana akakuta malaika mmoja, kule pembeni juu, ana uso wa Mama Euphrasia. Alimtazama yule malaika kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani amekufundisha kupata rangi ya ngozi namna hii?"

Isidori akajibu, "Hakuna, Bruda. Nimemwangalia mama tu."

Malaika yule hakufutwa. Mama alikuwa akikaa upande huo wa kanisa mpaka alipofariki, ingawa hakupata kukiri sababu yake.

Marehemu alifika Dar es Salaam kwa meli kutoka Lindi mwezi Julai 1934. Alipanga chumba Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, akapata nafasi ya kufanyia kazi kwenye baraza ya fundi cherehani Bwana Sadalla, ambaye alikuwa rafiki yake tangu siku ile hadi Jumamosi iliyopita. Kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka, na bei ilikuwa nyepesi kueleweka: senti hamsini kwa kila herufi. Wenye maduka wa Mchafukoge walimpenda kwa sababu aliandika hata maandishi ya Kigujarati asiyoyajua, akinakili kutoka kwenye karatasi. Mara moja tu alikosea. Kwenye kibao cha Bwana Umakant, muuza vyombo, aliigeuza herufi moja ikatazama nyuma. Wahindi waliopita waliingia dukani wakicheka ili wamwambie mwenyewe. Kaka alipokwenda na kopo lake la rangi kurekebisha, Bwana Umakant alimzuia mlangoni.

"Iache hivyo hivyo, fundi! Tangu juzi nimeuza masufuria kumi na moja."

Mwaka 1937, tarehe 12 Juni, alifunga ndoa na Hyasinta, binti wa Lukuledi, katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu hapa mjini. Hyasinta alikuwa akiuza vitumbua karibu na lango la soko la Kariakoo, na kaka alikiri kwamba alinunua vitumbua kwa miezi mitano bila kuvipenda sana. Mungu aliwajalia watoto watatu: Benedikta, Eliasi na Josepha. Mimi nilijiunga nao mwaka 1949 nilipofiwa na mume wangu. Kaka hakuniuliza nitakaa siku ngapi. Alihamisha makopo yake ya rangi kutoka chumba cha nyuma, akaweka kitanda.

Sasa nitaeleza habari ya picha, maana wengi mliopo hapa mmewahi kuuliza swali moja, na baadhi yenu mliliuliza kwa hasira: kwa nini picha ya Isidori ni ghali hivyo?

Mwanzoni mwa 1951 alibakiwa na kipande cha plaiwudi kutoka kwenye kibao kilichokataliwa. Upande wa nyuma akaanza kuchora wanawake wa mtaani kwetu wakiwa kwenye foleni ya maji bombani, asubuhi na mapema, na ndoo zao. Alichora, akakwangua. Akachora tena, akakwangua. Mara tatu. Ya nne aliifanya kwa wiki saba, na wiki hizo alikataa vibao vingi hata Hyasinta akaanza kuwazuia wateja njiani wasisikie majibu yake. Ilipokwisha aliisimamisha barazani ikauke. Mke wa Bwana Umakant, Bibi Jasvanti, ambaye ni mwalimu, alikuja kwa Sadalla kuchukua nguo, akasahau nguo.

"Huyu wa tatu," alisema, "anamwangalia wa kwanza kama anamwonea wivu. Kwa nini?"

Kaka akasema, "Wa kwanza ndoo yake imejaa, Mama."

"Bei gani?"

Kaka alijua bei ya herufi, na picha haikuwa na herufi hata moja. Akamwomba Bibi Jasvanti arudi baada ya wiki, naye akatumia wiki hiyo kutembea mjini akiuliza watu jinsi wanavyopata bei ya vitu vyao. Watu walidhani ameugua. Alikwenda Kivukoni kwenye mnada wa samaki, akarudi akatusimulia. Dagaa waliuzwa kwa fungu, fungu hili sawa na lile, na hakuna aliyebishana. Kisha akaletwa nguru mmoja mkubwa, wa pekee siku hiyo, na watu watano walimtaka. Dalali hakusema lolote la ajabu, alisimama tu, na bei ikapanda yenyewe.

Sadalla naye akamwambia, "Mimi kanzu yangu ya pili inatoka kwenye robota lile lile la kitambaa. Kwa hiyo bei ni kitambaa, uzi na siku yangu. Wewe picha yako ya pili inatoka wapi?"

"Haipo," kaka akasema.

"Basi usiuze kama mimi."

Bibi Jasvanti aliporudi, kaka alimwambia shilingi mia na hamsini. Alisema kwa sauti ndogo, macho yakiwa chini, kama mtu anayekiri dhambi. Ilikuwa mshahara wa kibarua wa miezi miwili. Bibi Jasvanti alitoa pesa zote palepale, akaibeba picha mwenyewe.

Kesho yake Bwana Umakant alifika barazani kabla Sadalla hajafungua mashine. Naeleza mazungumzo yao kama nilivyoyasikia, na Bwana Umakant, ambaye yuko nasi leo, ameniruhusu.

"Isidori, kibao changu chote kilikuwa shilingi kumi na nane! Na kibao kimeandikwa jina langu. Hii picha haina hata jina langu!"

Kaka akamwambia, "Bwana Umakant, nikifa kesho, mji huu una watu sita wa kukuandikia kibao kingine kama kile. Picha hii hata mimi siwezi kuirudia."

"Mbao ni bei gani? Rangi je? Niambie ukweli."

"Mbao na rangi hazifiki shilingi kumi na mbili. Kuna wiki saba. Na kuna zile tatu nilizokwangua kabla ya hii."

"Kwa hiyo mke wangu amelipia na zile ulizoharibu?"

"Ndiyo, Bwana. Bila zile, hii isingekuwepo. Na amelipia ile miaka niliyokaa nikitazama watu bila kulipwa na mtu."

Bwana Umakant alikaa kwenye benchi la wateja wa Sadalla. Halafu akasema kwamba yeye akinunua sinia bovu kutoka kwa msambazaji, hasara yake huiweka ndani ya bei ya masinia mazima, na kwamba anaelewa, lakini mia na hamsini ni nyingi mno. Wakanywa kahawa. Baadaye tulisikia picha ilitundikwa sebuleni kwao, mkabala na kiti chake yeye mwenyewe.

Tangu hapo marehemu alijiwekea utaratibu, na hakuuvunja. Picha kubwa zilikuwa na bei moja, ndogo bei moja, kwa Mzungu, Mhindi na Mwafrika. Alipandisha kidogo kidogo kadiri watu walivyozidi kuzitaka, lakini hakushusha hata mara moja. Mtu akimbembeleza, alijibu, "Nikikupunguzia wewe leo, nimemwibia aliyenunua jana." Jumapili baada ya misa alizisimamisha picha zake Mnazi Mmoja, pembeni mwa njia, ili wapita njia wazione. Kutazama kulikuwa bure, na wengi walitazama.

Sitaki mdhani nyumba yetu ilikuwa ya malaika. Mwanzoni mwa 1956 alikuja mfanyabiashara mmoja anayewauzia abiria wa meli vitu vya ukumbusho. Aliiona ile picha ya bombani kwa Bwana Umakant, akataka nakala sitini zinazofanana nayo, kila moja shilingi kumi na mbili. Tulipiga hesabu mezani: mia saba na ishirini. Mwaka huo Benedikta alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea ualimu, na alihitaji nauli, sanduku na sare. Paa letu lilivuja sehemu tatu. Kaka akasema hawezi, kwa sababu alimwuzia Bibi Jasvanti picha iliyo peke yake.

Hyasinta alimjibu mbele yetu sote. "Baba Benedikta, mvua inaninyeshea mimi. Haimnyeshei Bibi Jasvanti."

Hakungoja ruhusa. Alijifunga kanga yake mpya akaenda Mchafukoge kwa miguu, akamweleza Bibi Jasvanti jambo lote bila kuficha. Bibi Jasvanti alimpa chai, akamwambia, "Picha ni yangu, Mama Benedikta, lakini mkono ni wa mumeo. Mimi sitamzuia kulisha watoto wake. Mwambie nimekubali, na kwa moyo mweupe."

Hyasinta alirudi akiimba. Kaka hakuwa na kisingizio tena. Akaazima picha, akakata plaiwudi, akaanza. Nakala ya kwanza ilichukua siku nne, ya pili siku mbili, ya tatu siku moja. Zilifanana kabisa na ile ya kwanza, mimi niliona hivyo. Jioni ya siku ya saba Hyasinta alikuja kuzitazama, maana alikuwa amekwisha kuchagua mabati. Alisimama hapo na unga wa mchele mikononi. Akaangalia nakala, akaangalia ile ya Bibi Jasvanti, akarudia tena. Tulidhani atafurahi.

Akasema, "Baba Benedikta, hawa wanawake hawasubiri maji. Wanasubiri kuuzwa."

Kaka akamwuliza, "Unasemaje?"

"Nimesema ulichokiona tangu jana ukanyamaza. Zikwangue."

Na mtu aliyekwenda kumwambia yule mfanyabiashara ni Hyasinta huyo huyo. Alimwambia nakala hakuna, ila kama anataka picha iliyo peke yake, bei ni mia na hamsini. Yule bwana alicheka akaondoka. Miezi mitatu iliyofuata kaka aliandika vibao kama alivyoandika ujanani, herufi kwa senti hamsini, mpaka vidole vikakakamaa, na Hyasinta aliongeza kikaango cha pili. Benedikta alikwenda chuoni akiwa na kila kitu ila mwavuli. Paa lilivuja masika nyingine nzima, tukazunguka na sufuria. Sikumbuki msimu tuliocheka zaidi ya ule. Mwezi Machi 1957 yule mfanyabiashara alirudi, safari hiyo bila kucheka, akanunua picha moja kwa ajili ya nyumbani kwake. Ilikuwa imefika mia na themanini, na mabati tuliyapata hapo.

Tangu siku ya zile nakala, Hyasinta ndiye aliyetaja bei. Kaka alikuwa akisema mkewe ameuza kitumbua kwa bei ile ile tangu alfajiri hadi jioni, kiwe cha moto au kimepoa, na hakuna mtu duniani aliyepata kumtikisa. Mteja akiuliza, kaka aligeuka kuosha brashi. Hyasinta alisema, "Mia na themanini," kisha akaendelea kukuna nazi.

Marehemu alianza kuugua kifua mwezi Oktoba 1957. Alitibiwa hospitalini mara mbili, mwezi Januari na mwezi Mei mwaka huu, akahudumiwa vizuri, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi. Mwezi Juni aliomba kurudi nyumbani. Kitanda chake kiliwekwa karibu na dirisha la barazani ili asikie mashine ya Sadalla. Alichora siku alizopata nguvu, robo saa kwa siku, na alizopumzika alipumzika bila manung'uniko. Aliniambia, "Candida, nimefanya nilichokipenda na watoto wamekula. Wangapi wanaweza kusema hivyo?"

Jumatano iliyopita, saa tisa alasiri, alikuja kijana mmoja mchukuzi wa mizigo pale sokoni, jina lake Shomari, mwenyeji wa Kilwa. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Shomari. Ingia."

Alikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya stuli. Ndani yake mlikuwa na shilingi themanini, nyingi zikiwa sarafu. Akasema amekuja kuchukua picha ndogo ya wachukuzi waliopumzika kwenye mkokoteni, kwa kuwa yule anayelala amefunika uso kwa kofia ni kaka yake, na kaka yake amekwisha kufariki, na hakupata kupigwa picha maishani mwake.

Hyasinta alimwambia kwa upole, kwa sababu hilo ni jukumu lake, kwamba picha ndogo sasa ni mia na ishirini.

Shomari hakubishana. Alianza kuzirudisha sarafu ndani ya kitambaa. "Sawa, Mama. Nitarudi."

Kaka akajiinua kwa kiwiko. "Shomari, siku ya kwanza uliniuliza bei lini?"

"Mwaka jana, Mzee, mwezi wa tano. Mnazi Mmoja."

"Ukaambiwa ngapi?"

"Themanini."

"Na ulipotoka pale ulifanya nini?"

"Nilianza kuweka, Mzee. Kila wiki kidogo."

"Basi ulianza kuinunua siku ile," kaka akasema. "Bei ya siku ile ndiyo yako. Mama Benedikta, sijashusha."

Hyasinta alimtazama mumewe, akafikiri, akasema, "Hapana. Hujashusha." Ndipo kaka akamwonyesha picha ilipokuwa, nyuma ya kabati, imegeuzwa ukutani. Watu wawili walikuwa wameitaka mwaka huu, naye akawaambia imekwisha kuuzwa. Hyasinta aliifunga ndani ya kanga yake mwenyewe. Shomari aliibeba mikononi, wala hakuiweka begani, akaenda nayo taratibu katikati ya watu mpaka akatupotea machoni. Kaka alimfuata kwa macho kupitia dirishani. Akalala vizuri usiku ule, na usiku uliofuata.

Alifariki Jumamosi tarehe 16 Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono na mabomba ya mtaani yameanza kufunguliwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Marehemu ameacha mjane, Hyasinta. Watoto watatu, Benedikta, mwanafunzi wa ualimu, Eliasi, ambaye tayari anaandika vibao vizuri kuliko baba yake kwa kuwa hageuzi herufi, na Josepha wa darasa la sita. Mdogo wake, mimi Candida. Na rafiki yake Sadalla, ambaye anahesabiwa ndugu. Ameacha pia picha thelathini na moja katika nyumba za watu, na nne nyumbani.

Kuhusu hizo nne, mjane ameniagiza nitangaze jambo hapa, ili asilijibu mara nyingi. Tangu Jumamosi watu watatu wamekuja kutoa pole na wakati wa kuaga wameuliza kama bei itapanda kwa kuwa mchoraji hayupo tena. Hyasinta anawaambia hivi: wiki hii nyumba yake haiuzi kitu, inalia. Baada ya arobaini mlango utakuwa wazi, na bei ataitaja yeye mwenyewe. Mkitaka kujua itakuwa ngapi, aliyewahi kuuliza bei Isidori akiwa hai aje akumbushe siku aliyouliza.

Ee Mwenyezi Mungu, mpokee Isidori mahali pa mapumziko, na umpe mwanga mzuri wa kutazamia.